UZI: Golf GTI na wenzake hapa Mwanza. Tuanze na miguu, nguvu za injini baadaye

Mwenye uzi

Mwangaluka wakuu.

Haya magari madogo yenye moto yanaongezeka mjini kwetu. Golf GTI za kizazi cha tano zilizotoka Japani ndizo nyingi, zinafuata Swift Sport, na Polo GTI mbili tatu unazikuta jioni Capri Point. Bei zake zimeshuka hadi kijana mwenye mshahara wa kawaida akijibana anapata. Shida ni swali la kwanza ambalo karibu kila mnunuzi analiuliza: "Remapu naifanya wapi?" Yaani programu ya kompyuta ya injini iandikwe upya ili iongeze nguvu. Gari lenyewe lina miaka kumi na saba au kumi na minane, bushi (mipira ya kwenye maungio) zimechanika, shokapu zimelowa oili, na mwenyewe anatafuta nguvu farasi 40 za ziada.

Nafungua uzi huu kwa sababu nayapenda haya magari na inaniuma kuyaona yamelala juu ya mawe nyuma ya gereji za Nyakato. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubisha abishe: miguu kwanza (yaani shokapu, springi na bushi), afya ya injini pili, nguvu za ziada mwisho kabisa. Ukigeuza mpangilio huo, utatoa hela mara mbili.

Nitaongelea zaidi Golf 5 GTI kwa kuwa ndiyo naijua ndani nje. Kwa asiyeifahamu: injini ni lita 2.0 yenye turbo na petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, nguvu farasi 200, nguvu ya mzunguko Nm 280, giaboksi ya gia sita ya mkono au DSG, yaani giaboksi ya klachi mbili inayobadili gia yenyewe. Yenye DSG inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 6.9. GTI ya kwanza kabisa iliyoingia sokoni mwaka 1976 ilikuwa na farasi 110 tu, na watu waliipenda kwa namna ilivyokuwa inakata kona. Hapo ndipo ladha ya gari hili ilipo tangu mwanzo, kwenye miguu.

Sasa miguu yenyewe. Mbele kuna shokapu iliyobeba springi yake, na chini kuna mkono wa chini, ule mafundi wanauita loa amu. Nyuma kila gurudumu lina mikono minne, springi imekaa peke yake na shokapu peke yake. Huo mfumo wa nyuma ndio unaoifanya Golf itulie barabara ya Usagara ukiwa na kasi, lakini pia ndio wenye bushi nyingi, na hakuna bushi ya mpira inayodumu milele, hata kama dashibodi inasoma kilomita 70,000. Mpira huzeeka kwa miaka na joto. Halafu hizo 70,000 zenyewe ziangalie vizuri, kuna nyingi zimerudishwa nyuma.

Ukinunua gari, kabla hujafikiria chochote, lipandishe juu uangalie haya: bushi kubwa ya nyuma ya loa amu, linki za stebilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona), boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka), mauntingi (vishikio vyenye mpira) na beringi za juu za shokapu, na bushi za mikono ya nyuma. Bushi kubwa ya loa amu ndiyo inayokufa mapema kuliko zote kwa barabara zetu. Ikichanika, ukifunga breki usukani unayumba, na tairi za mbele zinalika upande wa ndani wakati wewe unalaumu alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu.

Anayetaka uboreshaji wa kwanza wenye maana aanzie hapo. Bushi ya asili ina matundu ili gari liwe laini. Wamiliki wengi duniani wanaweka ile ya Audi TT au S3 ambayo imejaa mpira, inaingia palepale. Usukani unakuwa na majibu ya haraka, breki inatulia, na hausikii ugumu wa kuudhi. Bushi za plastiki ngumu sizipendekezi kwa gari la kila siku hapa kwetu. Zinadumu, ila zikikosa grisi zinalia, na kila jiwe la barabara za milimani linapanda hadi kwenye kiti.

Karibuni.

Mdau wa Buhongwa

Mkuu nimeweka kambi hapa. Gari yangu nikipita kwenye matuta inagonga mbele kulia, ko ko ko. Kwenye lami safi haina shida. Fundi kaniambia raki ya usukani imekwisha, eti haidroliki inavuja ndani. Bei aliyonitajia sijalala. Ni GTI ya 2007.

Mwenye uzi

Mkuu, lala. Golf 5 haina haidroliki ya usukani. Usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, hakuna oili wala pampu wala hosi. Aliyekuambia haidroliki inavuja hajafungua kitu, amekariri kutoka kwenye Toyota Mark II.

Fanya hivi mwenyewe. Gari likiwa limesimama, mtu ageuze usukani kushoto na kulia, wewe weka kiganja taratibu juu ya springi ya mbele, uangalie vidole visije vikabanwa. Springi ikirukaruka kwa vishindo, beringi au mauntingi ya juu imekwisha. Kisha nyanyua gurudumu. Litikise kwa kushika kushoto na kulia, likicheza angalia tairodi, ule mkono wa usukani unaogeuza gurudumu. Litikise kwa kushika juu na chini, likicheza ni boljointi au beringi ya gurudumu. Kama yote ni mazima, shika linki ya stebilaiza uivute kwa mkono. Mlio wa ko ko ko kwenye matuta tu, upande mmoja, mara nyingi ni hiyo linki, na ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye miguu.

Fundi wa Nyakato

Nimesoma, niongeze kidogo kwa faida ya vijana.

Bushi mpya inakufa ndani ya miezi kwa sababu moja ambayo mafundi wengi hawaijui au hawaijali. Gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Ukikaza bolti ya loa amu hapo hapo, bushi inafungwa ikiwa kwenye pozi ya kuning'inia. Ukishusha gari, mpira unajisokota, na unabaki umesokotwa siku zote. Bolti zote za bushi zinakazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake, ama unyanyue mguu kwa jeki mpaka ufike kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo. Nikiletewa gari lenye bushi mpya zilizochanika, hilo ndilo naliuliza kwanza.

La pili, shokapu za mbele za Golf 5 ziko za aina mbili, kipenyo milimita 50 na milimita 55. GTI ni 55. Watu wanaagiza kwa kusema tu "Golf 5", zinakuja za 50, zinalegea kwenye kishikio. Pima kwanza ndipo uagize.

Mdau wa Buhongwa

Shikamoo fundi. Nimekuelewa. Na mkuu mwenye uzi, ni linki kweli. Nimeivuta kwa mkono inacheza kama jino bovu. Ubarikiwe.

Mdau wa Geita

Wakuu nauliza kuhusu kushusha gari. Nataka koilova, zile shokapu zenye springi ya kurekebisha kimo, nishuke kama milimita 40 hivi. GTI ikiwa juu haina mvuto. Na sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi, ule mdomo wa kivuko uliokuwa unachana bampa haupo tena. Nini kinanizuia?

Mwenye uzi

Kivuko kimeondoka, matuta yapo. Ni kweli tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 safari ya Geita imekuwa rafiki kwa magari ya chini, hilo halina ubishi. Lakini mkuu, utaishi kwenye zile kilomita 3 za daraja? Utaingia Sengerema, utapita kipande cha matengenezo, utapanda kwa shangazi mlimani. Siku ukitaka kwenda Ukerewe kupitia Kisorya, mdomo wa kivuko unakusubiri kule kule.

Tuache sura, tuongelee kazi. GTI imetoka kiwandani ikiwa imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida. Waliotengeneza walipima pembe za loa amu. Ukiishusha milimita 40 zaidi, loa amu inaanza kulalia juu badala ya chini, na gari linalala zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu. Yaani unalipa ili gari likate kona vibaya. Pia shokapu inabakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, hivyo kwenye shimo inagonga mwisho wake, na kishindo hicho kinapanda hadi kwenye mauntingi na bodi.

Kuna na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Sampu ya injini hii ni ya aluminiamu na inakaa chini. Chuma kikigongwa kinabonyea. Aluminiamu inapasuka. Ikipasuka usiku njiani kutoka Lamadi na wewe unasikiliza muziki, taa nyekundu ya oili utaiona wakati injini imeshaanza kula beringi zake. Kila GTI ya hapa inahitaji kinga ya chuma chini ya injini, iliyochongwa vizuri, yenye matundu ya kutoa joto na tundu la kumwagia oili. Hiyo ni lazima hata kama hujashusha gari hata milimita moja.

Mdau wa Geita

Lakini koilova si zinapandishwa na kushushwa? Naweka juu nikisafiri, chini nikiwa mjini.

Mwenye uzi

Zinapanda na kushuka kwa spana, gurudumu likiwa limetolewa, na kila ukibadilisha kimo unatakiwa upige alaimenti upya. Hakuna anayefanya hivyo kila wikiendi.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja. Koilova ya kampuni inayojulikana, ukiiweka kwenye kimo cha juu kabisa karibu na cha kiwandani, inaweza kuwa bora kuliko shokapu kuukuu. Hilo sikatai. Ninayoikataa ni ile ya bei poa isiyo na jina, ambayo springi yake ni ngumu na shokapu yake haina uwezo wa kuituliza. Gari linadundadunda, tairi linaachana na lami, na tairi likiwa hewani huna breki wala usukani.

Kwa hela hiyo hiyo, ushauri wangu: shokapu mpya nne za kiwango cha kiwandani au juu yake kidogo, springi za GTI za asili kama hazijakatika, mauntingi za juu mpya, kisha stebilaiza nene ya nyuma. Golf hupenda kusukuma pua nje ya kona kwa sababu uzito na nguvu zote ziko mbele. Stebilaiza nene ya nyuma inalifanya gari ligeuke. Kwenye barabara iliyonyooka haiongezi ugumu, utaihisi kidogo tu tairi moja likiingia shimoni peke yake.

Fundi wa Nyakato

Kijana wa Geita, msikilize. Waliokata springi kwa grainda ili washuke, magari yao nayafahamu. Springi iliyokatwa haikai kwenye kitako chake, siku moja inachomoka.

Mdau wa Pasiansi

Vipi tairi wakuu? Langu lina rimu za inchi 18, tairi 225/40. Nimeshapasua tairi mbili kwenye mashimo na rimu moja imepinda.

Mwenye uzi

Ukuta wa tairi hilo ni milimita 90 tu. Ukishuka inchi 17 kwa 225/45 unapata milimita 101. Inchi 16 kwa 205/55 unapata karibu 113. Kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu sawa, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kwa Mwanza 17 ndiyo inayofaa, inabaki na sura ya GTI na inavumilia. Ukitaka 16, jaribisha rimu kwanza kama inapita juu ya kaliper, kile kishika pedi za breki, kwani diski za mbele za GTI ni milimita 312 na si kila rimu inakubali. Tairi la mtumba kwa gari la farasi 200 usiweke. Soma tarehe ubavuni, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka.

Mdau wa Swift

Mimi nina Swift Sport ya 2008, lita 1.6, farasi 125, haina turbo. Nimeitoa Dar, na nakuapia kule ilikuwa nyepesi zaidi. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi, wa pili kasafisha injekta, hakuna kilichobadilika. Nini?

Mwenye uzi

Haiumwi mkuu. Umepanda mlima bila kujua. Watu wanaona ziwa wanadhani tuko usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na mitaa yetu mingi iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, hivyo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Farasi wako 125 huku ni kama 112.

Usitafute nguvu hizo kwa eksosi yenye kelele na chujio la wazi ambalo linavuta hewa ya moto ya injini. Gari lako lina uzito wa kilo elfu moja na kidogo, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko sisi sote. Tafuta shokapu nzuri, pedi nzuri za breki na tairi nzuri. Hapo utawaacha wengi kwenye kona bila kuongeza hata farasi mmoja.

Wenye turbo tuna nafuu, turbo inasukuma hewa hadi presha ile ile inayotakiwa. Ila inafanya kazi zaidi kuifikia, inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi. Kwa hiyo mwenye GTI hapa, intakula yako, kile kipoza hewa ya turbo, iwe safi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka kwa makundi jioni, ukipita barabara ya kando ya ziwa wanajaa kwenye rejeta na intakula hadi hewa haipiti. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea nyuma kuja mbele. Presha kubwa inalaza mapezi.

Mdau wa Igoma

Tunasubiri injini sasa mkuu.

Mwenye uzi

Haya, injini. Hapa nitakuwa mrefu kwenye jambo moja kwa sababu ndilo linaloua hizi GTI.

Injini hii ina pampu ya petroli ya presha kubwa, inafika bar 110. Pampu hiyo inasukumwa na kemshafti, shafti inayofungua valvu, na kati ya kemshafti na pampu kuna kikombe kidogo cha chuma, mafundi wa VW wanakiita folowa. Kikiwa kipya kina rangi nyeusi juu, ni ngozi ngumu ya kuzuia kusagika. Ngozi ikiisha kinang'aa kama shilingi. Kisha kinatoboka. Kikishatoboka, ncha ya pampu inakula kemshafti moja kwa moja, unga wa chuma unaingia kwenye oili, na kuanzia hapo unatafuta kemshafti, pampu, pengine injini nzima.

Folowa ni ya bei ndogo. Kuikagua ni kufungua skrubu tatu za pampu, upande wa giaboksi, baada ya kutoa presha ya petroli. Msiifungue injini ikiwa ya moto wala kabla presha haijatolewa, petroli ya bar 110 si ya kuchezea. Mimi naikagua kila baada ya kilomita 15,000 hadi 20,000, na nikiona ngozi nyeusi imeanza kuachia katikati, naibadilisha. Gari jipya kwako, kutoka kwa yeyote, ikague wiki ya kwanza. Usikubali neno la muuzaji.

Oili inahusika moja kwa moja na hili. Iwe 5W-40 ya sintetiki kamili yenye kibali cha VW 502.00, lita 4.6 pamoja na chujio. Ratiba ya kubadilisha kwa muda mrefu iliyoandikwa kwa barabara za Ulaya isahauni. Kwa vumbi letu na foleni za Kenyatta na Nyerere, kilomita 5,000 hadi 7,500 inatosha. Hizi oili za kupima kwenye chupa, hapana.

Jambo lingine ni temostati, valvu inayozuia maji ya kupoza yasizunguke kabla injini haijapata moto. Gari likichemka, fundi anaitoa temostati, anakuambia "sasa linapoa". Ni kweli linapoa, hadi linabaki baridi. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, inadhani injini bado haijapata moto, inaongeza petroli, petroli ya ziada inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na ile folowa tuliyoisema inasagika haraka. Kama gari linachemka, tafuta sababu: pampu ya maji, rejeta iliyoziba, kifuniko cha tangi, feni. Temostati ikifa weka mpya. Na maji ya rangi ya kupoza injini, G12+ au toleo lililo juu yake, yachanganywe na maji yaliyochujwa ya betri. Maji ya bomba na ya ziwa yanaacha ukoko ndani.

Mkanda wa taimingi: hesabu miaka pamoja na kilomita. Gari la 2006 ambalo hakuna karatasi inayoonyesha umebadilishwa, badilisha sasa, pamoja na roli zake na pampu ya maji, maana pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Mdau wa Igoma

Langu asubuhi linatetemeka, likipata moto linatulia. Nimemwaga dawa ya kusafisha injekta kwenye tangi, wapi.

Mwenye uzi

Dawa ya kwenye tangi haiwezi kufika kwenye tatizo. Petroli ya injini hii inapulizwa ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa. Injini za zamani petroli ilikuwa inaziosha hizo valvu. Hizi haziogi, na mvuke wa oili unaotoka kwenye valvu ya kupumulia unaganda juu yake hadi unakuwa kaboni nene. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kuzikwangua, au kupuliza unga wa maganda ya jozi kwa mashine kama ukipata mwenye nayo. Valvu iwe imefungwa kabisa wakati wa kukwangua, uchafu usidondoke ndani ya silinda.

Kabla ya kufungua, angalia plagi na koili kwanza, kisha ile valvu ya kupumulia. Ikipasuka inaleta mtetemo wa aina hiyo hiyo.

Kwenye DSG sina maneno mengi. Oili na chujio kila kilomita 60,000, oili maalumu ya DSG, siyo ya otomatiki ya kawaida. Kimo kinapimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45, na joto hilo linasomwa kwa kompyuta. Fundi asiye na kompyuta asiiguse.

Mdau wa Pasiansi

Sasa mkuu, mimi nimefanya karibu yote hayo. Folowa mpya, mkanda mpya, bushi, shokapu. Remapu unaniruhusu?

Mwenye uzi

Wewe ndiye unayestahili. Hatua ya kwanza, bila kubadilisha vyuma, inaipeleka GTI hii hadi karibu farasi 240 na Nm 350 hivi. Angalia hiyo namba ya mwisho: DSG ya gia sita imepangiwa Nm 350. Umefika ukingoni. Anayekuahidi zaidi ya hapo bila kugusa klachi za DSG anakuuzia giaboksi mpya.

Kabla ya siku ya remapu, pima uvujaji wa presha ya turbo kwa moshi. Hosi zilizopasuka na ile valvu ya kurudisha upepo wa turbo, ambayo za mwanzo zina utando wa mpira unaochanika, ndizo zinazofanya gari lililoongezwa nguvu kuwa zito kuliko la asili. Weka plagi mpya.

Halafu petroli. Kiwandani gari hili lilipangiwa okteni 98, na linakubali 95 kwa kupunguza nguvu kidogo. Faili la remapu lililoandikwa kwa petroli ya 98 ya Ujerumani ukililetea petroli ya kituo cha kawaida hapa, injini inaanza kugonga. Sensa inasikia, kontroli boksi inarudisha moto nyuma, yaani inachelewesha cheche za plagi, nguvu ulizolipia hazionekani na joto la eksosi linapanda. Mwambie anayekufanyia aiandike kwa petroli unayonunua wewe, kisha mwende barabarani na kompyuta mrekodi kiasi cha moto unaorudishwa nyuma kwenye kila silinda. Kama silinda zinarudishwa nyuzi nyingi, apunguze. Asiyekubali kurekodi, toka na gari lako.

Fundi wa Nyakato

Na mauntingi za injini. Ile ya chini hasa. Nm 350 kwenye mauntingi iliyokufa, injini inaruka, mabomba ya eksosi yanapasuka. Iangalieni kabla ya remapu.

Mwenye uzi

Umesema kweli fundi, niliisahau hiyo kwenye orodha.

Mdau wa Geita

Basi mmenishinda. Nabaki kwenye kimo cha kiwandani. Naanza na shokapu nne na kinga ya sampu, stebilaiza ya nyuma mwezi ujao. Nikiagiza shokapu natakiwa niagize nini kingine ili gari lisifunguliwe mara mbili?

Mwenye uzi

Safi sana. Agiza mauntingi za juu na beringi zake, vizuia-kishindo vya mpira na vifuniko vya vumbi vya shokapu zote nne, linki za stebilaiza mbili, bushi kubwa za loa amu mbili, na bolti mpya za loa amu. Bolti hizo nyingi ni za kuvutika, zikishakazwa mara moja zimemaliza kazi, msirudishie za zamani. Shokapu za mbele ziwe za milimita 55 kama fundi alivyosema. Kazi ikiisha, endesha siku chache springi zikae, ndipo upeleke alaimenti, ya magurudumu yote manne, kwa sababu mikono ya nyuma nayo inarekebishwa.